Barabara ya Meja André: kutoka Manhattan hadi kilima cha Tappan

Meja John André wa jeshi la Uingereza alinyongwa katika kijiji cha Tappan, jimbo la New York, saa sita mchana tarehe 2 Oktoba 1780. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Kati ya kesi zote za upelelezi za Vita vya Mapinduzi ya Marekani, yake ndiyo inayotajwa zaidi, na njia aliyopita katika siku zake za mwisho bado inapitika kwa gari, kwa treni na kwa miguu. Tuliifuata mwishoni mwa Septemba. Maelezo haya tumeyapanga baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha.

Wageni wengi huenda Tappan moja kwa moja, wakapiga picha kanisa na mgahawa, jioni wakarudi mjini. Sisi tunashauri uanzie mbali. Kanisani, walikoketi majenerali waliomhukumu, hakukugunduliwa jambo jipya. Yote yaliyomtia André kitanzini yalikwisha kutendeka njiani, kwenye mahali na saa zinazojulikana, na ukipita hapo kwa mpangilio wake utaielewa hukumu kuliko ukisomewa na kiongozi wa watalii.

Jumatano: Manhattan

Makao makuu ya Jenerali Henry Clinton, mkuu wa jeshi la Uingereza, yalikuwa namba 1 Broadway, kusini kabisa mwa kisiwa. Nyumba ile haipo tena, lakini bustani ndogo ya Bowling Green ipo mbele yake, na uzio wake wa chuma ni ule ule wa mwaka 1771. Tazama vichwa vya nguzo. Vilikuwa na mapambo ya kifalme, watu wakayakata kwa msumeno mwaka 1776, siku zile walipoiangusha sanamu ya Mfalme George III iliyokuwa katikati. Ukipitisha kidole juu ya nguzo utahisi mikwaruzo, na hakuna nguzo mbili zilizokatwa sawa.

Humo ndani ya makao makuu ndimo André, ajutanti mkuu wa jeshi, alimokuwa akiandikiana kwa siri na Jenerali Benedict Arnold wa upande wa Wamarekani. Barua zilianza Mei 1779. Zilipitia kwa wachuuzi, zikaandikwa kwa namba za kurasa, mistari na maneno ya kitabu ambacho pande zote mbili zilikuwa na nakala yake. André alijiita John Anderson, mfanyabiashara. Arnold alikabidhiwa ngome ya West Point Agosti 1780, naye akataka pauni 20,000 ili aisalimishe.

Clinton alipomruhusu André aende kuonana naye ana kwa ana, alimpa maagizo matatu: asiingie ndani ya malindo ya adui, asivue sare yake, asibebe karatasi yoyote. Yaandike kwenye daftari lako kabla hujaondoka mjini. Safari nzima ni hadithi ya maagizo hayo kuvunjwa, moja baada ya jingine, ndani ya saa ishirini na nne.

Bado uko Manhattan, panda juu kidogo hadi bustani ya City Hall, kwenye sanamu ya Kapteni Nathan Hale. Kuna uzio wa usalama, kwa hiyo utaiona kwa mbali. Hale alikuwa Mmarekani wa miaka 21. Alikamatwa na Waingereza akiwa na nguo za kiraia na maandishi ya kijeshi, akakiri, na kesho yake, tarehe 22 Septemba 1776, akanyongwa kwa amri ya Jenerali William Howe bila kesi yoyote. Jina hili litarudi tukifika mbele.

Chakula: mikokoteni ya halali iko kila kona. Sahani ya wali, kuku na kachumbari ni dola 10 hivi, nayo inashibisha watu wawili wasio na njaa kali.

Alhamisi: Haverstraw, Stony Point, West Point

Gari tulilichukua upande wa New Jersey, dola 70 kwa siku kabla ya bima. Leseni ya Kenya au ya Tanzania, kwa kuwa ina Kiingereza, ilipokewa bila maswali. Mwenye leseni iliyoandikwa Kifaransa pekee abebe kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Petroli inauzwa kwa galoni, ambayo ni lita 3.8, basi usishtuke ukiona bei kwenye bango. Barabara ya 9W ilikuwa ikikarabatiwa, tukakaa foleni karibu saa nzima.

Kusini mwa mji wa Haverstraw, mlima unashuka hadi mtoni na kuacha ukanda mwembamba wa msitu. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1780 manowari ndogo ya Kiingereza iitwayo Vulture ilikuwa imetia nanga ng'ambo, karibu na rasi ya Croton. Joshua Hett Smith, mtu wa Arnold, aliifuata kwa mashua. Waliopiga makasia ni ndugu wawili wa ukoo wa Cahoon. Hawakutaka kwenda. Arnold aliwatisha, kisha akawaahidi ratili 50 za unga kila mmoja. Makasia yalifungwa ngozi za kondoo yasipige kelele majini. André alishuka amevaa koti lake jekundu la kijeshi, juu yake joho la buluu.

Ufukweni kuna mwamba wenye maandishi yanayosema kwamba André mpelelezi alishukia hapo. Njia ya kuufikia inapita ndani ya hifadhi, kando ya maji, nayo ina matope mvua ikinyesha. Tulikuwa tumepotea kidogo, na mzee aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akageuza njia yake ili atufikishe pale pale, kisha akatufundisha mahali pa kuegesha gari tusiandikiwe faini. Vaa viatu vya kukanyagia tope, na ukirudi kagua miguu na soksi, maana kupe wa huku huambukiza ugonjwa mbaya.

Mazungumzo na Arnold, aliyekuwa akimngoja ufukweni, yalichukua muda mrefu mno. Kulipokaribia kucha, wapiga makasia wakakataa kurudi mtoni: walikuwa wamechoka, na mwanga ungewafichua. Arnold akampandisha André farasi, wakaelekea nyumbani kwa Smith, mwendo wa kilomita 6 hivi kaskazini. Njiani gizani mlinzi aliwauliza ni nani. Arnold akajibu, wakapita. Hapo ndipo agizo la kwanza lilipovunjika. Baadaye André aliandika kwamba aliingizwa ndani ya malindo bila kukusudia na bila kuambiwa mapema, na hakuna sababu ya kuamini kwamba alidanganya. Lakini alikwisha kuingia.

Asubuhi, akiwa dirishani kwa Smith, aliona moshi mtoni. Kanali James Livingston, aliyekuwa na lindo upande wa Croton, hakuipenda ile manowari kukaa pale. Alikuwa na kizinga kidogo cha risasi za ratili nne, na baruti aliiomba kutoka West Point, ambako ofisa wa mizinga alimpa huku akilalamika kwamba kuipiga meli kwa kizinga kama hicho ni kuiharibu baruti. Vulture ikapigwa, ikateleza na mto kwenda chini. Baruti hiyo iliyotolewa kwa kinyongo ndiyo iliyomfungia André njia ya maji.

Sasa ikabidi arudi kwa nchi kavu. Arnold alimpa karatasi sita kuhusu West Point: mpangilio wa mizinga, idadi ya askari, kasoro za kila ngome, pamoja na muhtasari wa kikao cha vita cha Jenerali Washington, mkuu wa jeshi la Marekani. Akamwambia aziweke ndani ya soksi, chini ya nyayo. Kisha Smith akampa koti lake la rangi ya zambarau iliyoiva na kofia ya manyoya. Agizo la pili na la tatu likaondoka ndani ya chumba kimoja, mchana wa tarehe 22. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani. Mahali pake, kwenye 9W, pana hospitali kubwa ya urekebishaji wa viungo na kibao cha kando ya barabara. Usiingie na gari kwenye maegesho ya wagonjwa ili kupiga picha. Kibao kinasomeka ukisimama nje.

Haverstraw ya leo ina watu wengi wa Jamhuri ya Dominika, na chakula chao hakitamshangaza mtu wa pwani: wali, maharage mekundu, kuku wa mchuzi na ndizi za kukaanga, dola 13.

Stony Point ni mwendo mfupi kutoka hapo. Jioni ya tarehe 22 Smith na André walivuka mto kwa kivuko cha King's Ferry, kutoka rasi hii hadi Verplanck. Kivuko hakipo tena, ila ng'ambo inaonekana waziwazi ukisimama karibu na mnara wa taa wa mwaka 1826, ulio mkongwe kuliko minara yote ya mto Hudson. Hifadhi ina milango ya majira: panga kufika kabla ya mwisho wa Oktoba.

West Point tuliingia alasiri. Ni chuo cha jeshi kinachofanya kazi, kwa hiyo mgeni haingii kwa gari lake na kuzurura. Nunua tiketi ya basi la ziara kwenye kituo cha wageni, na uje na pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Siku za mechi ya mpira nyumbani hakuna ziara. Mwombe kiongozi akuonyeshe pete 13 za mnyororo uliotandazwa mtoni mwaka 1778 kuzuia meli: kila pete ina urefu wa futi 2 hivi, na chuma chake ni kinene kuliko mkono wa mtoto. Ukiuona, utajua kwa nini Waingereza walikuwa tayari kulipa. Anayeshika kona hii ya mto anaitenga New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, na majimbo mengine. Ndani ya kanisa la zamani la makaburini kuna vibao vya majenerali wa vita vile. Kimoja kina cheo na mwaka wa kuzaliwa, 1740, lakini hakina jina. Ni cha Arnold.

Ijumaa: Peekskill, Yorktown, Pines Bridge

Tulivuka daraja la Bear Mountain asubuhi. Tozo hukatwa ukielekea mashariki tu, na hakuna kibanda cha kulipia taslimu: kamera husoma namba ya gari, bili huenda kwa mwenye gari, na kampuni za kukodisha huongeza ada yao juu yake. Uliza ada hiyo ni kiasi gani kabla hujatia sahihi.

Kutoka Verplanck wasafiri wale wawili walishika barabara ya Crompond, ambayo leo ni 202. Saa mbili au tatu usiku Kapteni Ebenezer Boyd wa wanamgambo aliwasimamisha, akasoma hati ya kupitia iliyotiwa sahihi na Arnold, na bado akatilia shaka watu wanaosafiri gizani katika eneo lile. Akawashauri walale. Walilala kwa Andreas Miller, kitanda kimoja, na Smith alisimulia baadaye kwamba mwenzake hakuvua buti wala hakupata usingizi.

Asubuhi ya tarehe 23 walipata kifungua kinywa kwenye nyumba ya mkulima karibu na Pines Bridge: uji mzito wa mahindi na maziwa. Mwenye nyumba hakuwa na kingine, maana waporaji walikuwa wamempitia usiku wa kuamkia siku hiyo. Hapo Smith akageuza farasi, akarudi. André akabaki peke yake, na kilomita 25 hivi hadi kwa wenzake.

Inafaa kujua eneo hili lilikuwa la namna gani. Kati ya jeshi la Marekani kaskazini na la Uingereza kusini palikuwa na ardhi isiyo ya mtu. Makundi mawili yaliipora: moja lilijiita la mfalme, jingine la mapinduzi, na mkulima hakuona tofauti kubwa. Hati ya Arnold ilimwelekeza André kwenye barabara ya White Plains. Yeye, baada ya kusikia kwamba barabara ya Tarrytown ina watu wa mfalme, akaishika hiyo akidhani ni salama kwake.

Daraja lenyewe la zamani limezama chini ya bwawa la Croton linalopeleka maji New York. Utapita juu ya daraja jipya na kuona maji tu. Kilichotushika zaidi huku ni mnara ulio katikati ya Yorktown Heights, kwenye bustani iliyokuwa kituo cha reli. Tarehe 14 Mei 1781 wapiganaji wa mfalme walivamia lindo la Pines Bridge, wakamuua Kanali Christopher Greene na askari wake wa Kikosi cha Rhode Island, ambacho kilikuwa na Waafrika wengi, baadhi yao waliopewa uhuru kwa sharti la kupigana. Mnara unamwonyesha kanali, askari Mwafrika na askari mwenyeji wa asili wakiwa bega kwa bega. Vitabu vinavyomlilia André hupita hapa bila kusimama. Msomaji wetu asimame.

Jumamosi: Tarrytown na South Salem

Asiye na gari aianze safari hapa. Treni za Hudson Line kutoka Grand Central hufika Tarrytown kwa chini ya saa moja, tiketi ni kati ya dola 10 na 15 kutegemea saa. Nunua kwa simu au mashine. Ndani ya treni utalipa zaidi. Ili uuone mto, keti upande wa kushoto.

Kutoka kituoni panda kilima hadi barabara ya 9, ugeuke kaskazini hadi Patriots Park, kwenye mpaka wa Tarrytown na Sleepy Hollow. Kijito kinachopita bustanini kinaitwa kwa jina la André. Mnara ulisimikwa mwaka 1853, sanamu ya mpiganaji ikawekwa juu yake mwaka 1880.

Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi ya tarehe 23 Septemba, vijana watatu walikuwa wamejificha hapa: John Paulding, Isaac Van Wart na David Williams. Paulding alikuwa ametoroka gereza la Waingereza mjini siku chache kabla, na alivaa koti la askari wa Kijerumani wa jeshi la mfalme. André aliliona koti hilo na akasema kwamba anatumaini wao ni wa upande wake. Wakamuuliza upande upi. Akajibu: wa chini, yaani wa Waingereza walio kusini. Wakaitikia, naye akajitambulisha kuwa ofisa wa Uingereza. Walipomwambia kwamba wao ni Wamarekani, ndipo akatoa hati ya Arnold.

Mpangilio huo ndio uliomwangamiza. Angetoa hati kwanza, pengine angepita. Hati ilikuwa halali, sahihi ilikuwa ya jenerali mwenye mamlaka. Paulding mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Walimvua buti, kisha soksi, wakakuta karatasi. Paulding ndiye aliyejua kusoma. André aliwaahidi saa yake, farasi na fedha nyingi, wakakataa.

Kuna ubishi wa miaka mingi kama walikuwa wazalendo au waporaji waliobahatika. André alidai walitafuta pesa ndani ya buti, na Meja Benjamin Tallmadge, aliyemlinda baadaye, alilisema hilo hilo bungeni mwaka 1817 Paulding alipoomba nyongeza ya pensheni. Maoni yetu: hata kama walitafuta pesa, walipozipata karatasi walikataa bei kubwa kuliko chochote walichokuwa nacho. Bunge liliwapa medali ya fedha na dola 200 kwa mwaka maisha yao yote.

Kutoka hapa alipelekwa North Castle kwa Kanali John Jameson, ambaye alifanya jambo la ajabu. Karatasi alizituma kwa Washington, lakini mfungwa na barua ya taarifa akavituma kwa Arnold, mkuu wake wa kazi. Tallmadge, mkuu wa mtandao wa siri wa Washington, alirudi kutoka doria akamsihi amrudishe mfungwa. Mfungwa alirudishwa. Barua iliachwa iendelee. Ikamkuta Arnold mezani asubuhi ya tarehe 25, katika nyumba ya Robinson ng'ambo ya West Point, Washington akiwa njiani kuja kula naye. Arnold alishuka mtoni mbio, akapanda mashua yake, akafika Vulture. Hakukamatwa kamwe. Ngome haikuuzwa, ila alilipwa pauni 6,000.

South Salem ni mbali na treni na nyumba aliyofungiwa haipo, kwa hiyo asiye na gari asijisumbue. Lakini tukio la huko ni zito: tarehe 24 André alimwandikia Washington kwa hiari yake, akataja jina na cheo chake cha kweli, akaeleza namna alivyoshuka, alivyoingia malindoni na alivyobadili nguo. Alitaka asihesabiwe tapeli. Barua hiyo ikawa ushahidi mkuu dhidi yake.

Kuvuka kurudi magharibi, daraja la Mario Cuomo lina njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kilomita 5.8, bila malipo. Upepo wa katikati ni mkali hata jua likiwaka. Mabasi ya upande wa pili wikendi ni machache. Angalia ratiba kabla hujaanza kutembea.

Jumapili: Tappan

André aliletwa hapa tarehe 28 Septemba. Njiani alimuuliza Tallmadge atafanywa nini. Tallmadge alijaribu kukwepa, kisha akamwambia: nilikuwa na mwenzangu wa darasa chuoni Yale, jina lake Hale, unakumbuka kilichompata? André akajibu kwamba alinyongwa, lakini kesi hizi mbili hazifanani. Tallmadge akasema zinafanana kabisa.

Mambo manne ya kuona yako karibu, yote kwa miguu. Egesha gari Main Street.

Kwanza mgahawa wa '76 House, uliokuwa baa ya Mabie, alikofungwa. Bado wanapika. Chakula cha mchana si rahisi, hesabu dola 25 kwenda juu kwa mtu, lakini wenye pochi nyepesi wanaruhusiwa kuingia na kutazama wakiomba kwa adabu saa zisizo na wateja.

Pili kanisa la Reformed. Jengo la sasa ni la mwaka 1835, limesimama pale pale lilipokuwa lile la zamani. Ibada ilikuwa imekwisha tulipofika. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya vitabu vya nyimbo alitufungulia tena, akatuletea kahawa na keki iliyobaki, akatuacha tukae tulivyotaka.

Tarehe 29 Septemba walikaa hapa majenerali 14, mwenyekiti Nathanael Greene. Miongoni mwao walikuwa Lafayette, von Steuben, Henry Knox, John Stark na Lord Stirling. John Laurance, mwanasheria mkuu wa jeshi, alisoma mashtaka. Haikuwa mahakama ya kijeshi kamili. Lilikuwa baraza la kuchunguza na kumshauri Washington, ambaye uamuzi ulikuwa wake. Hakuna shahidi aliyeitwa. Walimsomea barua yake ya South Salem, akaikubali. Kisha likaja swali lililobeba kesi yote: je, alishuka chini ya bendera nyeupe ya mazungumzo?

Arnold na Clinton walikuwa wameandika kwamba ndiyo, alikuwa na bendera, kwa hiyo hawezi kuwa mpelelezi. André angeweza kuishika kamba hiyo. Alijibu kwamba haiwezekani kusema alikuja chini ya bendera. Angekuja nayo, angerudi nayo. Baada ya jibu hilo halikubaki la kubishaniwa. Alishuka usiku kwa siri, akabadili nguo ndani ya malindo, akakamatwa kwa jina la uongo akiwa na karatasi. Baraza likasema ahesabiwe mpelelezi wa adui na kwamba, kwa sheria na desturi za mataifa, anastahili kufa. Yote yalikwisha siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema majenerali walikuwa na haraka ya kulipiza usaliti wa Arnold. Hasira ilikuwepo, na tunaikubali. Lakini pima hukumu kwa kilichokuwa mezani: hakuna hoja ya utetezi iliyokataliwa kusikilizwa, na mshtakiwa mwenyewe aliikana ile moja ambayo ingemwokoa. Hale hakupewa hata hicho.

Tatu ni nyumba ya DeWint, Livingston Street, matofali yake ya mbele yakiwa na mwaka 1700. Washington alikaa hapa na hapa ndipo aliidhinisha hukumu. Nyumba hutunzwa na chama cha Wamasoni (Freemasons), kuingia ni bure, sanduku la sadaka lipo mlangoni. Piga simu kwanza kujua saa.

Kunyonga kulipangwa tarehe 1 Oktoba saa kumi na moja jioni, kukaahirishwa. Waingereza walileta ujumbe mtoni, Jenerali James Robertson akakutana na Greene, wakazungumza siku nzima bila matokeo. Arnold alituma barua ya kutishia kwamba André akifa, wafungwa 40 wa South Carolina watalipa. Ilidhuru zaidi ya kusaidia. Chini chini Clinton alidokezwa abadilishane: amtoe Arnold, ampate André. Alikataa, maana jeshi linalorudisha waliolikimbilia halitakimbiliwa tena na yeyote.

André aliomba jambo moja kwa maandishi: apigwe risasi kama askari, asinyongwe. Washington hakumjibu. Alexander Hamilton, aliyekuwa msaidizi wake, aliona ombi lilistahili kukubaliwa. Sisi tunaelewa kimya kile. Mpelelezi aliyehukumiwa hunyongwa; kumpiga risasi kungekuwa sawa na kukiri kwamba baraza lenyewe halikuiamini hukumu yake.

Mwisho ni kilima, mwendo wa dakika 15 kutoka baa, sasa kitongoji cha nyumba tulivu. Tarehe 2 alinyoa, akala kifungua kinywa kilichotoka kwenye meza ya Washington kama kila siku, akavaa sare yake nyekundu iliyoletwa na mtumishi wake. Alitembea kati ya maofisa wawili. Alipouona mti wa kunyongea alirudi nyuma hatua moja, akasema amekubali kufa ila si kwa namna hii. Daktari wa jeshi James Thacher, aliyekuwepo, aliandika kwamba akiwa anasubiri alikuwa akibiringisha jiwe kwa mguu na koo likimpanda na kushuka. Mnyongaji, mfungwa wa upande wa mfalme, alikuwa amejipaka masizi usoni. André alimsukuma mkono, akajivika kitanzi mwenyewe, akajifunga kitambaa machoni. Aliwaomba waliokuwepo washuhudie kwamba alikufa kama mtu jasiri. Gari la farasi likavutwa.

Jiwe lililopo liliwekwa mwaka 1879 kwa gharama ya mfanyabiashara Cyrus Field. Wasiopenda adui aenziwe walililipua kwa baruti miaka ya 1880, likarudishwa. Ni mzunguko mdogo katikati ya barabara ya makazi. Usizibe lango la mtu.

Wenye safari ya London

Mwaka 1821 balozi mdogo wa Uingereza mjini New York, James Buchanan, aliufukua mwili. Mizizi ya mfyulisi ilikuwa imelizunguka fuvu kama wavu. Buchanan hakupata kifungo hata kimoja cha sare, akawashutumu Wamarekani kwamba walimvua marehemu. Thacher, akiwa mzee sasa, alijibu kwa maandishi: sare ilivuliwa na mtumishi wa André mwenyewe, mbele ya watu, akaondoka nayo.

Mifupa iko Westminster Abbey, chini ya mnara uliowekwa mwaka 1782 kwenye ukumbi mkuu, upande wa kusini. Michongo yake midogo imevunjwa vichwa mara kadhaa na wageni na kutengenezwa upya. Tiketi ya kutalii ni ghali, nunua mtandaoni mapema. Kuingia kwa ajili ya ibada hakuna malipo, lakini hapo hutaruhusiwa kuzunguka wala kupiga picha.